Kabla hujanunua chupa ya homoni

Siku ya nne baada ya kupulizia dawa ya wadudu, nilishuka shambani asubuhi nikakuta tungule (nyanya) zangu zimejikunja. Hazikunyauka, hazikuwa na madoa, wala sikuona mdudu. Vikonyo vya majani vilikuwa vimepinda kuelekea chini, majani machanga yamekuwa membamba na marefu kama ukanda, na mashina yamejisokota. Ilikuwa miche mia tatu hapa kwetu Ole, Pemba, inayokaribia kutoa maua. Nikadhani ni ule ugonjwa unaoletwa na nzi weupe. Nikang'oa safu mbili nzima nikazichoma moto.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, mkulima wa mpunga.

"Mwanangu, bomba hili umelipata wapi?"

"Nimeazima kwa jirani, ami."

"Na jirani kalifanyia kazi gani?"

Jirani alikuwa ametoka bondeni kupulizia dawa ya magugu kwenye mpunga wake. Yeye alilisuuza mara moja, na mimi nikalisuuza mara moja. Ami akatikisa kichwa, akaniambia niache kung'oa, kwani ugonjwa haupo.

Dawa ile inaitwa 2,4-D. Imo madukani duniani tangu miaka ya 1940, na mpaka siku ile nilidhani inaua magugu kwa kuyaunguza. Sivyo. Ni homoni ya kuigiza. Inajifanya oksini, homoni ambayo mmea wenyewe huitengeneza kwenye ncha na majani machanga, kisha huishusha chini kwenye shina kuelekea mizizini. Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, na ndiyo sababu mabaki yaliyoganda kwenye mpira na kichwa cha bomba yalitosha kuniharibia shamba.

Naomba nieleze kinachotokea ndani, maana nilipokielewa hiki nilianza kulitazama shamba kwa jicho jingine. Kila seli ya mmea ina jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kila kitu: shina, jani, mzizi, ua. Mmea hausomi maagizo yote kwa pamoja. Jeni nyingi za ukuaji zimezuiwa na protini zinazofanya kazi ya ulinzi. Oksini ikifika, hunatana na kipokezi kiitwacho TIR1, na kwa pamoja huwanasa wale walinzi. Walinzi hutiwa alama, kisha huvunjwavunjwa, na jeni hufunguka. Kwamba TIR1 ndiyo inayoipokea oksini, wanasayansi walilithibitisha mwaka 2005. Oksini ikipungua, walinzi wapya hutengenezwa na jeni hufungwa tena. Ndivyo mmea unavyojipimia: hapa nyoosha, pale simama.

Sasa ikija 2,4-D, mmea hauwezi kuivunja upesi kama unavyoivunja oksini yake. Jeni zinabaki wazi. Seli zinarefuka upande mmoja, zinagawanyika pasipotakiwa, na mmea unamaliza nguvu zake ukikua ovyo. Mimea ya jamii ya nyasi, mpunga ukiwemo, huihimili ikipuliziwa kwa wakati wake na kipimo chake. Tungule haiwezi kabisa. Pamba na zabibu nazo ni dhaifu vivyo hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na huu nausema kwa uchungu: kuwa na mabomba mawili. La magugu lipake rangi nyekundu, lisiguse mboga hata siku moja. Usiazime bomba usilojua limetoka wapi. Ukilazimika, lioshe mara nyingi kwa maji na sabuni, upitishe maji kwenye mpira na kichwa chake, kisha pulizia maji matupu ya bomba hilo kwenye miche michache ya tungule na usubiri siku kadhaa kabla ya kuingia shamba zima.

Kosa la pili lilifuata mara moja. Kwa hamu ya kuiokoa miche iliyobaki, nilinunua chupa ya dawa ya kukuzia, nikaahidiwa kuwa miche itafufuka. Ndani yake mlikuwa na jiberelini, homoni nyingine ya kuurefusha mmea. Miche ilirefuka kweli, tena kwa wiki moja tu, lakini mashina yalikuwa kama uzi, majani yamepauka, na upepo wa kusi ukailaza yote.

Baadaye nikaja kusoma homoni hii ilivyogunduliwa, na nikauona mche wangu humo. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa na ugonjwa walioubatiza jina la mche mpumbavu: mche unarefuka kuwapita wenziwe wote, halafu unaanguka bila kuzaa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa kuvu iliyomo ndani ya mche inatoa kitu cha kuurefusha, na mwaka 1935 kitu hicho kikapewa jina la jiberelini. Nayo inafanya kazi kwa njia inayofanana na ya oksini: huziondoa protini ziitwazo DELLA, ambazo ndizo breki za ukuaji.

Kinachonivutia ni kwamba wakulima walinufaika zaidi kwa kuipunguza homoni hii kuliko kwa kuiongeza. Mpunga wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, ulikuwa mfupi kwa sababu jeni yake moja ya kutengeneza jiberelini ina kasoro. Ukipewa mbolea haurefuki ukalala, unajaza masuke. Ami yangu anapanda Supa kwa ajili ya harufu yake, na simlaumu, wali wake hauna mfano. Lakini Supa ni mrefu, na kila akizidisha yuria mpunga unalala matopeni. Akitaka mbolea nyingi, atafute mbegu fupi. Akitaka Supa, apunguze mkono.

Ninachofanya sasa hakina gharama. Pilipili na mrehani nazikata ncha zikiwa changa. Ncha ndiyo inayoshusha oksini, na oksini huyazuia machipukizi ya kwapani. Ukiiondoa, matawi yanatoka. Tungule zinazopanda kwenye mti nazifanyia kinyume: ncha naiacha, vya kwapani navichuma, ili nguvu iende kwenye matunda. Kipande cha muhogo nakizika macho yakitazama juu, kwa kuwa oksini hushuka kwenye kitako, na mizizi hutoka pale inapojikusanya. Ukikigeuza kitaota, ila kwa taabu.

Wengine wameniuliza kuhusu maji ya dafu, maana wamesikia kuwa yana homoni. Ni kweli. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia kukuzia viini vya mbegu maabara, na humo mna saitokinini, homoni ya kugawanya seli. Lakini kule ni ndani ya chupa safi isiyo na vijidudu. Shambani, sukari ya dafu inaita sisimizi na kuvu. Dafu mnywe.

Bibi yangu hakuwahi kulisikia neno homoni, na hakuna niliyemwona akiitumia vizuri kumshinda. Alivumbika ndizi kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, akafukiza moshi wa makumbi, akafukia. Moshi una ethilini, na ethilini ni homoni ya kuivisha. Inafungua jeni za kulainisha nyama ya tunda, za kugeuza wanga kuwa sukari, na pia za kutengeneza ethilini zaidi, ndipo mkungu mzima unaiva kwa pamoja. Alikuwa mkali kwa jambo moja: ndizi isiyokomaa haivumbikwi. Alikuwa sahihi, kwani tunda changa hukosa wanga wa kutosha wa kugeuzwa, likawa laini lisilo na utamu. Embe na papai hufuata njia hiyo hiyo. Chungwa na nanasi haziendelei kuiva baada ya kuchumwa, usijisumbue.

Wanaotumia kabaidi ya mafundi wa kuchomea vyuma, nawasihi waache. Gesi yake inaiga ethilini, ndiyo, lakini kabaidi huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na tunda hilo linaliwa na watoto wetu. Weka ndizi moja mbivu katikati ya mbichi zilizokomaa, funika kwa gunia, subiri.

Na unaposafirisha mzigo kwenda Unguja kupitia Mkoani, usipakie ndizi zilizoanza kuiva tenga moja na matango au mchicha. Ethilini ya ndizi, ambayo ni gesi, itayafanya matango kuwa manjano na mchicha kupukutisha majani kabla boti haijafika. Ndizi zikatwe zikiwa zimekomaa na bado kijani, zikae mahali penye hewa, na mboga zipakiwe mbali nazo.