Kinga ya meno kwa mchezaji aliyefungwa waya

SWALI: Daktari, salaam. Mwanangu wa miaka 12 anacheza raga, na tangu mwaka jana amefungwa waya za kunyoosha meno. Kocha hamruhusu kuingia uwanjani bila kinga ya meno. Nilimnunulia ile ya kuchemsha kisha kuing'ata, ila analalamika kwamba inambana na haongei vizuri, na mchezo ukisimama kidogo tu anaitoa. Niichemshe upya, au kuna inayomfaa zaidi?

JIBU: Salaam, mzazi. Usiichemshe upya, iweke kando. Kinga ya aina hiyo ikishalainika hushika umbo la kila inachokikuta mdomoni. Kwa asiye na waya, hilo ndilo tunalolitaka. Kwa mwanao, plastiki huingia katikati ya waya na vishikizo vilivyogandishwa kwenye meno, na ikipoa hujifunga humohumo. Ukiivuta, kishikizo kinaweza kubanduka nayo. Isitoshe, meno yake yanahama. Kinga iliyochukua umbo la meno ya miezi miwili iliyopita lazima imbane leo, na inaweza hata kuyapinga meno yasiende yanakopelekwa. Mtoto hajidekezi.

Zipo kinga za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye waya. Hazichemshwi, zina mfereji mpana wa kupitisha vishikizo, na huvumilia meno yakisogea. Nyingine ni ile anayoitengeneza daktari wa meno baada ya kuchukua chapa ya meno na kuacha nafasi juu ya waya. Hiyo hukaa vizuri kuliko zote, lakini ni ghali, na meno yakihama inabidi itengenezwe tena. Mimi ningempa ya silikoni sasa, kisha ya kupimwa waya zikishatolewa. Muulize pia daktari anayemtibu kama waya zipo juu na chini, kwa sababu kinga ya kawaida huvaliwa taya la juu tu, ambalo meno yake ya mbele ndiyo yanayoumia zaidi. Penye waya pande zote mbili, ipo inayofunika mataya yote.

Akishaivaa, mwambie aachame: ya taya la juu isidondoke. Aongee, anywe maji, ahemee mdomoni. Kinga inayodumu mdomoni kwa kubanwa na meno tu haifai, maana mchezaji anayehema kwa nguvu hawezi kubana meno muda wote. Ikimtia kichefuchefu, ukingo wa nyuma unaweza kupunguzwa kidogo, lakini magego yabaki yamefunikwa.

Kazi yake ni kutawanya nguvu ya pigo na kuzuia meno ya chini yasigonge ya juu. Kwa mwenye waya kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi huiona baada ya damu kumwagika: huzuia midomo na mashavu yasichanwe na vishikizo. Baadhi ya makocha husema pia kwamba inazuia mtikisiko wa ubongo. Usilitegemee hilo. Akigongwa kichwa akaduwaa, atoke uwanjani hata kama kinga iko mdomoni.

Ioshwe kwa maji ya baridi, mswaki na sabuni, ihifadhiwe kwenye kikasha chenye matundu. Joto huiharibu umbo. Ikichanika au akiitafuna ikawa nyembamba, ibadilishwe.

Na jino la kudumu liking'oka licha ya yote haya, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Likiwa na uchafu lisuuzwe upesi kwa maziwa, bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake, mtoto aling'ate kwa kitambaa safi. Ikishindikana, litiwe kwenye maziwa na mfike kwa daktari ndani ya saa moja. Nusu saa ni bora zaidi. Jino la utotoni halirudishwi, kwa kuwa linaweza kuliumiza la kudumu lililo chini yake.