Kamba ya Mzuka

Juzi msomaji wa Wete kaniandikia: "Kaka, nimenunua mtoto wa tumbili, kila nikimpa ndizi anatupa. Nimpe nini?" Nikacheka, kisha kicheko kikaniganda. Swali hilo nililiuliza mwenyewe miaka tisa nyuma, tena kwa mbwembwe.

Wangu nilimpata Konde. Kijana aliyeniuzia alisema mama wa huyo tumbili kapigwa shambani akila mahindi. Nikamwita Mzuka, nikamfunga kamba ya usumba kiunoni, nikamweka chini ya mwembe. Wageni wakija wanapiga picha. Soda anakunywa, biskuti anakula, nami najiona bingwa wa wanyama.

Mama mkwe ndiye aliyeniumbua. Alipekua manyoya ya kiunoni, akaniita: "Baba Salma, hebu njoo uone." Mzuka alikuwa amekua, kamba haikukua. Imezama kwenye ngozi, pembeni panatoka maji. Mkono wa kushoto kaunyonyoa mwenyewe umebaki kama wa kuku. Na ule mwendo wake wa kwenda mbele na nyuma kutwa nzima, mie nikidhani anacheza!

Nikampeleka kwa mtu wa mifugo. Akanicheka mbele za watu, eti yeye ni wa ng'ombe. Bado linaniuma hilo. Kidonda nilikiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, wiki baada ya wiki.

Kisha nikajenga banda la wavu, refu kunishinda, maana tumbili akiogopa hukimbilia juu. Ndani nikatia matawi. Nikatoboa vifuu, nikaweka njugu, nikavikaba kwa majani makavu. Aling'ang'ana na kifuu kimoja, kidole ndani, jicho ndani, mpaka punje ikatoka. Huko porini kazi yao kubwa ni kutafuta chakula, nami nilikuwa namletea kwenye sahani! Soda nikaacha, nikampa majani mabichi, maua, mbegu na matunda ya porini. Manyoya yakaota. Wallahi nilijivuna.

Lakini jioni alikuwa akija kunigeuzia mgongo kwenye wavu nimchambue. Tumbili huchambuana wao kwa wao, na yeye hana mwenzake. Alipobaleghe, meno yakatoka marefu, akamng'ata mwanangu kidole. Kumrudisha msituni nako si kufungua mlango tu: kundi halimjui, na anaweza kuwapelekea wenzake maradhi yetu, kifua kikuu kwa mfano. Alikaa bandani mpaka alipokufa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ndizi si tatizo lako. Kata kamba. Mpe nafasi ya kupanda, mpe kazi ya mikono, nenda kawaone watu wa Misitu upesi, na kamba ukate. Wa pili usinunue, maana kila mtoto anayeuzwa nyuma yake yupo mama. Na kima punju, yule mwekundu wa Unguja, hata usimfikirie: tumbo lake lina vyumba, la kusaga majani machanga, matunda matamu yaliyoiva yanamdhuru. Hata wale walioletwa msitu wa Ngezi huku Pemba kutoka Unguja miaka ya 1970 waliachiwa msituni, si kufungwa majumbani.

Jamani, tumwogope Mungu. Sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tunaitikia vichwa, tukirudi nyumbani tunakaza fundo.

Msomaji wangu kanijibu usiku. Kamba kaikata. Ila anauliza kama soda ya machungwa nayo imo katika marufuku.