Je, Tulipie Chumba Tulichokijenga Wenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2016 mimi na mume wangu tulinunua asilimia 40 ya nyumba yetu hapa Uingereza kwa mpango wa umiliki wa pamoja, na asilimia 60 ikabaki kwa shirika la nyumba, ambalo tunalilipa kodi kila mwezi. Sasa tunataka kuinunua sehemu hiyo yote. Mthamini amesema nyumba ina thamani ya pauni 300,000, kiasi tunachokiona kikubwa mno, na shirika linadai kwamba uamuzi wake ni wa mwisho. Tunaweza kuupinga? Darini tulijenga chumba kwa gharama zetu.

JIBU: Dada msomaji, sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kana kwamba umeikumbuka njiani, huenda ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mikataba ya mpango huu kwa kawaida humtaka mthamini akadirie bei ya soko ya nyumba nzima bila kuhesabu uboreshaji uliofanywa na mnunuzi mwenyewe. Ikiwa chumba hicho kimeongeza pauni 25,000, hesabu yenu inapaswa kuanzia 275,000, ambapo asilimia 60 ni pauni 165,000 badala ya 180,000. Kinachoondolewa, hata hivyo, ni ongezeko la thamani wala si fedha mlizotumia. Risiti za fundi huonyesha tu kwamba kazi ni yenu, na zitafaa zaidi zikiambatana na barua ya shirika iliyowaruhusu kujenga.

Ni kweli kwamba mikataba mingi humpa mthamini kauli ya mwisho, lakini kauli hiyo hulinda maoni yake ya kitaaluma na haimpi ruhusa ya kuthamini jambo ambalo mkataba umemkataza. Someni kifungu hicho, kisha mwandikieni mkiuliza kama chumba kimehesabiwa.

Mkitaka pia kupinga bei yenyewe, mpelekeeni mauzo matatu au manne ya karibuni ya nyumba zinazofanana na yenu kwa ukubwa, hali na mtaa, ambayo bei zake zimo katika kumbukumbu za umma za HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili umiliki wa ardhi na nyumba. Bei za matangazo hazisaidii, maana muuzaji huandika anachotamani. Mnaweza pia kumlipa mthamini wa pili aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaaluma cha wathamini, ingawa mimi nisingeanzia hapo: shirika halilazimiki kuikubali ripoti yake, na huenda akataja kiasi kikubwa zaidi.

Shirika likikataa kabisa kusikiliza, kuna utaratibu wake wa malalamiko, na baada ya huo mchunguzi huru wa malalamiko ya nyumba, ambaye huangalia jinsi shirika lilivyowatendea, wala hapangi thamani mpya. Njia hiyo ni ndefu, ilhali ripoti ya uthamini kwa kawaida hudumu miezi 3 tu, na ikipitwa na wakati mtalipia nyingine. Kwa hiyo barua kwa mthamini iandikwe wiki hii.