Tovuti ya Tor imefungwa: nilivyoipata programu na nilivyoikagua kabla ya kuifungua

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini maadamu torproject.org haifunguki kwenye mtandao unaotumia, na rafiki yako amekutumia faili la Tor Browser (kivinjari kinachoficha wewe ni nani na kurasa unazozitembelea) kwa WhatsApp akikuhakikishia kwamba kwake linafanya kazi. Nakuomba usilifungue kwanza. Simtilii shaka rafiki yako, ila yeye naye alipewa na mtu, na programu kufanya kazi si ushahidi kwamba ni salama. Mwaka 2022 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza juu ya Tor Browser bandia iliyosambazwa kwa kiungo kilichowekwa chini ya video ya YouTube ya Kichina, kwa kuwa nchini China tovuti halisi imefungwa na watu hutafuta njia za pembeni. Kivinjari kile kilifunguka vizuri tu, lakini kilihifadhi historia ya kurasa pamoja na yale ambayo mtu aliyajaza kwenye fomu. Faili la kukisakinisha halikuwa na saini ya kidijitali, yaani muhuri wa kompyuta unaothibitisha aliyelitengeneza na kwamba halijabadilishwa, na hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu aliyezoea kukagua.

Mimi sikuwa nimezoea. Tovuti ilipofungwa upande wangu, nilitafuta mtandaoni, nikapakua kutoka kwenye ukurasa wa kwanza uliojitokeza, na nikaitumia programu kwa siku tatu kabla ya kusoma maana ya saini. Kwa kuwa sikuwa na njia ya kujua kilichokuwamo ndani, nilifuta kila kitu kwenye kompyuta na kubadilisha nywila zote. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na siombi mtu mwingine aipitie.

Njia iliyonifaa baadaye ni barua pepe. Unaandika kwa gettor@torproject.org, na ndani ya ujumbe unataja tu mfumo wa kompyuta yako, kama vile Windows, macOS au Linux. Unajibiwa na mashine, nawe unapata viungo vya kupakulia kutoka kwenye huduma nyingine za mtandaoni ambazo kwa kawaida hazifungwi, pamoja na saini ya faili na alama (mfuatano wa herufi na tarakimu unaoutambulisha ufunguo) ya ufunguo uliotumika kutia saini hiyo. Kumbuka tu kwamba kampuni inayokuhifadhia barua pepe inaweza kuona uliyemwandikia, kwa hiyo ikiwa hilo ni hatari mahali ulipo, tumia anwani isiyobeba jina lako. Kwa simu ya Android, programu hiyo imo Google Play. Kwa iPhone, mradi wenyewe wa Tor unapendekeza Onion Browser.

Sasa nije kwenye ukaguzi, ambao watu wengi huuruka. Saini ni faili dogo lenye jina lilelile la programu, likiongezewa .asc mwishoni, nawe unayaweka yote mawili kwenye folda moja. Unahitaji pia GnuPG, programu ya kukagua saini, na ufunguo wa umma wa watengenezaji wa Tor Browser, yaani faili wanalolitoa wazi ili mtu yeyote aweze kuzikagua saini zao. Hapa ndipo penye siri ya jambo lote: ufunguo usitoke mahali palepale ulipotoka faili, kwa sababu aliyeweza kukupa faili bandia hashindwi kukupa na ufunguo bandia unaolingana nalo. Mimi niliuchukua kwenye seva ya keys.openpgp.org, kisha nikailinganisha alama yake na ile iliyokuja kwa barua pepe. Ni herufi na tarakimu 40, ambazo huandikwa kwa mafungu ya nne nne:

EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290

Usiniamini mimi kwa hilo. Nimeiandika ili uwe na chanzo kimoja zaidi cha kulinganisha, nami nilipofika hapo nilimpigia simu mwenzangu aliye nchi ambayo tovuti haijafungwa, akanisomea fungu baada ya fungu kutoka kwenye ukurasa rasmi huku nikifuata kwa kidole kwenye skrini yangu.

Baada ya hapo iagize GnuPG ikague saini dhidi ya faili. Ikikuambia kwamba saini ni nzuri, itaongeza onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Onyo hilo ni la kawaida, mradi alama umeshailinganisha mwenyewe. Ikikuambia saini ni mbovu, faili hilo lisifunguliwe hata kidogo. Huenda lilikatika tu wakati wa kupakuliwa, basi lipakue upya na ulikague tena.

Ukishasakinisha, na ikiwa mtandao wako unazuia hata muunganisho wa Tor, chagua daraja (njia ya kuingilia Tor ambayo ni vigumu kutambulika na kuzuiwa) la Snowflake au obfs4 kwenye mipangilio ya kivinjari. Masasisho ya baadaye kivinjari hujiletea chenyewe kupitia Tor, kwa hiyo hutahitaji tena kuifikia ile tovuti.

Na lile faili la WhatsApp si lazima ulitupe. Tazama namba ya toleo kwenye jina lake, tafuta faili la .asc la toleo hilohilo, ulikague kama nilivyoeleza. Likipita, ni lilelile lililotoka kwa watengenezaji, hata kama limepita mikononi mwa watu kumi.