Power of attorney ya Kerala: soma vitenzi kabla hujasaini

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutaipu hapa Ruwi, Muscat, na wateja wangu wengi ni watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India. Haipiti wiki hajaja mtu anataka power of attorney, yaani hati ya kumpa mtu mamlaka afanye mambo kwa niaba yako, aitume nyumbani ili kaka au mkewe amshughulikie mambo ya shamba, nyumba au benki. Wanapokwama ni palepale, kwenye hilo neno attorney.

Wengi wakilisikia wanajua ni mwanasheria, wanaanza kuniuliza ada yake shilingi ngapi. India mwanasheria anaitwa advocate, na kwa Kimalayalam ni vakkil, hapo Mswahili hahitaji mkalimani, ni wakili wetu yuleyule, Kiarabu kimetugawia wote. Attorney wa kwenye hati hii anaweza kuwa mama yako, shemeji yako, mtu mzima yeyote mwenye akili zake unayemwamini. Siku hizi Kiingereza nakiweka pembeni, nasema tu "mukhtyar" na chetta (ndo "kaka" kwa Kimalayalam) anaelewa hapohapo, maana kwao ndo neno la siku zote la kumpa mtu asaini kwa niaba yako. Ila usichanganye na vakkalath, ile unampa wakili akusimamie mahakamani kwenye kesi, basi, haimpi mtu ruhusa ya kuuza hata mnazi mmoja.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: soma vitenzi. Watu wanachukua fomu mtandaoni, wanabadilisha majina, wanasaini. Kuna jamaa alikuja na ya kwake, anachotaka ni mdogo wake alipe kodi ya ardhi pale village office (ofisi ya serikali ya kijijini) na apokee kodi kwa mpangaji. Nikamsomea taratibu kwa kidole: kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi, kupokea fedha za mauzo, halafu chini kabisa "na kufanya mambo mengine yote kama ambavyo ningefanya mwenyewe". Akanyamaza, akaomba penseli akaanza kukata mwenyewe, vikabaki vitenzi viwili na namba ya upimaji wa kiwanja. Hiyo ndo tofauti ya mukhtyar ya jumla na ya jambo maalumu, na mi sioni kwa nini mtu ampe ndugu yake ya jumla kwa kazi ya kulipa kodi tu, hata kama mnapendana vipi.

Na wewe unayenunua: ukiambiwa kiwanja unauziwa kwa power of attorney tu, bila hati ya mauzo kusajiliwa, kataa. Mahakama ya Juu kabisa ya India ilishasema mwaka 2011, kwenye kesi ya Suraj Lamp, kwamba mauzo ya namna hiyo hayahamishi umiliki. Mtu aliyepewa mukhtyar anaweza kusaini hati ya mauzo kwa niaba ya mwenye mali, hiyo sawa, ila ile karatasi yake yenyewe sio hati ya kiwanja.

Taratibu za huku ni fupi. Usisaini nyumbani, saini mbele ya ofisa wa ubalozi wa India maana yeye anathibitisha kwamba amekuona ukisaini. Ikifika India ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya miezi mitatu, wengi wanaiacha kwenye kabati wanaikumbuka siku mnunuzi kashafika.

Lingine, ukifa na mukhtyar imekufa, mtu hawezi kuendelea kuuza mali ya marehemu kwa karatasi ile, warithi wanaanza na utaratibu wao. Isipokuwa yule aliyepewa ana maslahi yake mwenyewe ndani ya mali ile, hapo Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 inamlinda, na huwezi hata kumfutia hivihivi. (Watanganyika nao walitumia sheria hiyohiyo mpaka walipotunga ya kwao 1961, kwa hiyo usishangae mambo yakifanana.)

Ukiamua kufuta, usiishie kumpigia simu na kugombana naye. Andika hati ya kufuta, kama ile ya mwanzo ilisajiliwa na hii isajili, mpelekee nakala yeye, benki, mpangaji na yeyote uliyesikia anataka kununua, na ile orijino idai irudi mkononi kwako.