Saa za Dalali ni Mali ya Nani?

Barua tatu za safari hii zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinahusu kazi moja: udalali wa nyumba na viwanja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba mzizi wa hizo nyingine mbili.

SWALI: Ndugu Mshauri, ni mwaka wa sita sasa nikiwa wakala wa kuuza na kupangisha nyumba, na sina mshahara wowote isipokuwa kamisheni ninayolipwa mauzo yanapokamilika. Simu yangu huanza kuita kabla sijaamka, na ujumbe wa mwisho huingia nikiwa kitandani. Wiki iliyopita niliondoka katikati ya onyesho la shule la binti yangu kwa sababu mteja alitaka kuona nyumba saa ile ile. Alifika amechelewa, akaizunguka kwa dakika kumi, akasema atashauriana na mkewe, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Binti yangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mume wangu ananishauri niwe ninazima simu saa kumi na mbili jioni, lakini wateja wangu wengi ni waajiriwa na hiyo ndiyo saa wanayotoka kazini. Nikizima, watampigia mwingine. Nifanye nini nisipoteze wateja wala familia?
*Mama wa Wawili*

JIBU: Mama wa Wawili, mumeo anakutakia mema, lakini ushauri wake unafaa kazi nyingine. Mtu wa ofisini anaweza kufunga mlango jioni kwa sababu wanaomhitaji nao wamefunga milango yao. Wewe unauza kitu ambacho wanunuzi wake hupata nafasi ya kukitazama jioni na mwishoni mwa wiki, tena mara nyingi wakiwa wawili, kwa kuwa ni nadra mtu kununua nyumba ambayo mwenzake hajaikanyaga. Ukiiga ratiba ya karani utakuwa umefunga duka siku ya soko. Kwa hiyo tuliache kwanza wazo la kwamba jioni zako zote zitarudi. Baadhi hazitarudi, na mtu anayekuahidi kinyume chake hajawahi kuuza hata kibanda.

Wapo wanaotaja sheria. Ni kweli kwamba tangu 1 Januari 2017 Ufaransa inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wawakilishi wa wafanyakazi kuhusu haki ya mtu kujitenga na simu na barua pepe za kazi nje ya saa zake, na kwamba Australia ilianza kutekeleza haki ya namna hiyo mwezi Agosti 2024. Lakini sheria hizo zinamlinda mwajiriwa dhidi ya mwajiri. Wewe unayefanya kazi kwa kamisheni, anayekupigia ni mteja, na anayekuamuru upokee ni wewe mwenyewe au, nikisema kwa haki zaidi, ni hofu yako.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba mawakala wanakosa tu nidhamu ya muda. Kamisheni hulipwa mwisho, ikilipwa. Kati ya siku unayotangaza nyumba na siku hati inaposainiwa inaweza kupita miezi, na katika miezi hiyo hujui ni simu ipi kati ya mamia itakayozaa mauzo, kwa hiyo kila simu inaita kwa sauti ya pesa. Ndiyo maana uliondoka kwenye onyesho la binti yako. Hukumpenda mteja kuliko mtoto; uliogopa kwamba huyo huenda ndiye. Na hofu ya namna hiyo haitulizwi na kengele ya saa kumi na mbili. Hutulizwa na ujuzi wa kutambua mapema simu ipi ni ipi.

Katika kazi yetu (nasema yetu kwa sababu niliwahi kuifanya kabla ya kuhamia kwenye kalamu, na ninakumbuka nikijibu wateja nikiwa bafuni) mambo yasiyoweza kusubiri hadi asubuhi ni machache mno. Kuna dau lenye muda wa mwisho. Nchini Uingereza, kwa mfano, wakala analazimika kisheria kumfikishia muuzaji kila dau kwa maandishi bila kuchelewa, na hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, mwenye nyumba ana haki ya kujua. Kuna dosari inayojitokeza usiku wa kuamkia kusaini au kukabidhiana funguo. Kuna bomba lililopasuka katika nyumba unayoisimamia. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni wasiwasi, na wasiwasi ni jambo tofauti na dharura ingawa vyote viwili hupiga simu saa nne usiku.

Usiudharau wasiwasi huo, kwa sababu kwa watu wengi nyumba ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote watakavyonunua maishani. Anayekuuliza usiku kama dirisha la jikoni linafunguka hataki kweli habari za dirisha. Anataka kujua kwamba yupo mtu anayelishughulikia jambo lake. Kinachomtuliza mteja ni kujua jibu litakuja lini, zaidi ya jibu lenyewe kuja papo hapo. Mteja aliyeahidiwa jibu kesho saa tatu asubuhi akalipata saa mbili na nusu atakusifu kwa rafiki zake, ilhali yule uliyemzoesha kujibiwa ndani ya dakika mbili atakununia siku utakapochukua dakika ishirini.

Kwa hiyo saa zako zitaje siku ya kwanza, wakati ambapo kila upande bado unaeleza taratibu zake, usingoje siku utakapokuwa umechoka na sauti imebadilika. Unaweza kumwandikia hivi: “Ninapokea simu hadi saa moja na nusu jioni. Ujumbe unaoingia baada ya hapo nitaujibu kesho kabla ya saa tatu asubuhi. Ikiwa ni suala la dau au la kusaini, anza ujumbe wako kwa neno DAU, nami nitauona usiku huo huo.” Neno hilo moja litakuwezesha kutupia simu jicho mara moja kabla ya kulala badala ya kuibeba mkononi jioni nzima. Wachache watalitumia vibaya, nao utawajua haraka.

Kisha usingoje kuulizwa. Muuzaji asiyesikia lolote kwa siku tano hujaza ukimya huo kwa dhana mbaya, na dhana hizo ndizo zinazokupigia simu usiku. Chagua siku moja ya wiki umpelekee kila mwenye nyumba maelezo mafupi: wangapi wameiona, wamesema nini, wiki ijayo utafanya nini, hata kama habari yenyewe ni kwamba hakuna aliyekuja. Kazi hiyo itakuchukua saa moja hivi, nayo itazima simu nyingi.

Kuhusu kuonyesha nyumba, acha kutoka kila unapoitwa. Tenga jioni mbili na asubuhi moja ya mwisho wa wiki, uwapange wateja kwa nusu saa nusu saa, ikiwezekana katika nyumba zilizo karibu. Faida ya pili ya utaratibu huo ni kwamba mnunuzi anayekutana mlangoni na mnunuzi mwingine anayetoka huacha kuchezea muda wako. Jioni ulizotoa kwa wateja zilipe kwa saa nyingine: ikiwa Jumamosi ni ya kazi, basi mchana wa Jumatano uwe wa nyumbani, na uandikwe katika shajara kama unavyoandika miadi ya benki. Onyesho la binti yako nalo liandikwe humo. Mteja akiiomba saa hiyo, mjibu kwamba una miadi na kwamba unaweza kumwona saa mbili baadaye au kesho asubuhi. Si uongo, na hana haja ya kujua miadi hiyo ni na nani.

Nirudi kwa yule bwana wa dakika kumi. Kosa lilitendeka kabla hujainuka kwenye kiti, kwa kuwa hukumuuliza chochote. Kabla ya kumpeleka mtu popote, ni haki yako kujua fedha zake zinatoka wapi, kama ni mkopo umeidhinishwa au bado ni ndoto, nani mwingine ana kauli katika uamuzi huo, na anahitaji kuhama lini. Ungemuuliza la tatu ungegundua kwamba mkewe hajashirikishwa, na ungempangia siku ambayo wangekuja wote wawili. Mnunuzi wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa kwa kawaida ni mtembezi.

Liko jambo la mwisho, nalo linahusu kichwa zaidi ya simu. Unaweza kuizima simu ukaendelea kuuza nyumba ukiwa umekaa na watoto. Mwaka 2011 watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilokamilika huacha kuisumbua akili mtu anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla hajalitekeleza. Basi kabla ya kuingia nyumbani, kaa dakika tano uandike kila jambo linaloning’inia na saa utakayolishughulikia: kumpigia wakili saa mbili, kupeleka funguo saa nne. Usiandike “kumfuatilia mteja”, kwa sababu hilo halina mwisho.

Je, utapoteza wateja? Baadhi, ndiyo. Yupo atakayekwenda kwa wakala anayejibu saa sita usiku, na huenda akanunua huko. Linganisha hasara hiyo na wateja ambao umekuwa ukiwahudumia ukiwa umechoka, ukisahau majina ya watoto wao na kuchanganya vipimo vya viwanja.

SWALI: Mume wangu ni dalali wa nyumba. Anakaa nasi mezani lakini macho yake yako kwenye simu. Zamani aliipenda kazi yake. Siku hizi anawaita wateja wapuuzi, na anasema hata akiuza haoni maana. Nikimwomba apumzike ananijibu, “Nikipumzika tutaishije?” Nimechoka kugombana kuhusu simu.
*Mke Mwenye Subira*

JIBU: Dada yangu, acha kugombania simu, kwa sababu si simu inayomsumbua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kunakotokana na msongo wa muda mrefu kazini kwa dalili tatu: mwili na akili kuisha nguvu, mtu kujitenga na kazi yake au kuisema kwa dharau, na kuona kwamba anachofanya hakina tija. Shirika hilo halikuiita ugonjwa, bali hali inayohusiana na kazi. Wewe umeandika angalau mbili katika mistari minne, ingawa mimi si daktari na barua haipimi mtu. Usingizi wake ukiharibika au akianza kukata tamaa na maisha yenyewe, mpelekeni kwa mtaalamu bila kungoja.

Swali lake la “tutaishije” si la kukukatisha kauli, ni swali halisi, na inafaa mlijibu pamoja kwa karatasi na kalamu. Orodhesheni mauzo yaliyokamilika katika miezi 12 iliyopita, gaweni jumla yake kwa 12, kisha mjizoeze kuishi chini ya kiasi hicho ili mwezi mnono ulishe mwezi mkavu. Akiba ya miezi mitatu itampa uhuru wa kutopokea simu ambao maneno yako, hata yakiwa matamu, hayawezi kumpa. Mwulize pia kama yuko wakala mwenzake anayemwamini, wapokezane wateja wiki moja moja, na mgawo wa kamisheni uandikwe kabla ya mtu yeyote kusafiri, kwa sababu urafiki mwingi wa madalali umevunjika siku ya malipo. Wewe kwa upande wako mwombe tarehe za kusaini mikataba, ili jioni ambayo kweli hawezi kuwa nanyi isikushtukize.

SWALI: Mimi ni wakala mpya, binti wa miaka 24. Mteja nisiyemfahamu anasisitiza kuona nyumba tupu saa tatu usiku, kwa kuwa ana kazi nyingi mchana. Bosi wangu anasema huduma nzuri ni kwenda popote mteja anapotaka. Niende?
*Mgeni Kazini*

JIBU: Usiende. Tarehe 28 Julai 1986 wakala wa nyumba jijini London, Suzy Lamplugh, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha nyumba mteja ambaye jina lake lilikuwa katika shajara, na hakuonekana tena. Mwaka 1993 alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Wazazi wake waliunda taasisi yenye jina lake, ambayo mpaka leo inafundisha usalama wa watu, wakiwamo wanaofanya kazi peke yao.

Mwambie mteja kwamba miadi ya kwanza hufanyika ofisini mchana, na kwamba unachukua nakala ya kitambulisho chake. Mwenye nia atapata nusu saa, kama anavyoipata akiitwa na benki yake. Mtakapokwenda kwenye nyumba, nendeni mwanga ungalipo, kila mtu kwa chombo chake cha usafiri. Mwenzako ajue uko wapi na saa ngapi utampigia, na ajue pia afanye nini usipopiga. Ndani, mteja atangulie katika kila chumba, nawe ubaki upande wa mlango. Bosi wako akirudia kauli yake, mwombe afuatane nawe hiyo saa tatu usiku.