Zunguka Burgundy kwa gari bila kumaliza akiba: niliyojifunza katika safari mbili

Mara ya kwanza tulipozunguka Ufaransa kwa gari, mimi na mume wangu tulitaka kuona kila kitu. Tulichukua gari Paris, tukaenda Reims kuliona eneo la mvinyo la Champagne, tukashuka Beaune, mji wa mvinyo wa Burgundy, tukakata nchi kwenda Bordeaux, kisha tukarudi Paris. Siku sita, karibu kilomita 1,700. Tozo za barabara kuu peke yake zilivuka euro 120, na mafuta yalikula zaidi ya hapo. Mvinyo wenyewe tuliuonja mara nne tu. Mara tatu kati ya hizo ilikuwa kwenye nyumba kubwa za mvinyo zenye geti na mapokezi, ambako kila mtu alilipia kuonja na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujibu maswali yangu.

Na maswali nilikuwa nayo mengi. Nimekulia Dodoma. Baba ana ekari mbili za zabibu kule Mpunguzi, na tangu utotoni najua kupogoa, najua kufunga matawi kwenye waya, naijua harufu ya zabibu zilizokaa kwenye kreti juani zikisubiri mnunuzi. Nilikwenda Ufaransa nikitaka kukutana na watu wanaofanya kazi ya baba. Nikarudi nyumbani sijaongea na mkulima hata mmoja.

Miaka miwili baadaye tulirudi tukiwa wanne: sisi wawili, pamoja na dada yangu na shemeji wanaoishi nje kidogo ya Paris. Safari hii tulichagua ukanda mmoja tu, Burgundy, eneo la mvinyo mashariki mwa Ufaransa, kutoka Dijon kushuka hadi Beaujolais, kwa siku saba. Gari na bima vilitugharimu euro 340, mafuta 68, malazi ya usiku sita 480. Gawanya kwa wanne, ni euro 222 kila mmoja, chakula na chupa za kubeba pembeni. Kama unapanga safari ya namna hii, hapo ndipo pa kuanzia: chagua ukanda mmoja, utulie humo. Dijon hadi Beaune ni kama kilomita 40, na katikati vijiji vimepangana kama shanga. Unatoka Chambolle-Musigny, hujamaliza kuongea, umefika Vougeot. Gari likitembea kidogo namna hiyo, kila gharama nyingine inapungua yenyewe.

Usichukue gari Paris. Foleni, maegesho na tozo za kutoka mjini vitakuondolea hamu kabla hujaliona shamba. Kuna treni ya kasi inayofika Dijon kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kuna treni ya mkoa kutoka kituo cha Paris Bercy inayochukua kama saa tatu. Sisi tulipanda hiyo ya pole pole kwa kuwa bei yake ni ya chini. Gari tukalikodi Dijon na kulirudisha Dijon, maana ukilirudisha mji mwingine mara nyingi unatozwa ada ya ziada.

Dereva awe na kadi ya benki yenye jina lake mwenyewe, kwa sababu kampuni inashikilia dhamana humo. Ukitaka gari la otomatiki, sema mapema. Mengi ya bei nafuu ni ya gia za mkono. Anayetoka nyumbani na leseni yake abebe na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Na kabla hujaondoka kwenye maegesho, piga picha gari lote, rimu zikiwemo, kioo cha mbele kikiwemo. Katika safari ya kwanza tulikatwa euro 180 kwa mkwaruzo wa rimu ambao nina hakika tuliukuta. Hatukuwa na picha, hivyo hatukuwa na la kusema.

Kwa sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto, asubuhi ya kwanza inataka utulivu. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha mwendo wa saa, na unawapisha walio ndani wanaotokea kushoto kwako. Ndani ya vijiji kuna kanuni inayowashangaza wageni wengi: kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama yeye anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Punguza mwendo. Vijiji vile vimejengwa kwa mawe, na kona zake hazionyeshi mbele.

Kwenye ramani ya simu, chagua kukwepa barabara za tozo. Sisi tulitumia barabara ya kawaida ya D974 kutoka Dijon kwenda kusini, tukaingia D122 pale tulipotaka kupita katikati ya mizabibu, kisha tukashuka Cluny kwa D981. Hatukulipa tozo hata senti moja. Ukilazimika kuingia barabara kuu, jua kwamba baadhi yake siku hizi hazina vizuizi wala vibanda: kamera inasoma namba ya gari, na una saa 72 za kulipa kwenye intaneti kabla faini haijaanza. Mafuta jaza kwenye vituo vya supamaketi. Vya barabara kuu ni ghali waziwazi.

Sasa nikupeleke mahali ambapo hutalipa chochote, na ambapo utauelewa mvinyo wa Burgundy kuliko kwenye darasa lolote. Nenda Vosne-Romanée asubuhi, acha gari kijijini, panda kwa miguu kuelekea mlimani. Dakika chache tu utakuta ukuta mfupi wa mawe na msalaba wa mawe juu yake. Nyuma ya ukuta ule ndiko Romanée-Conti, shamba dogo la hekta 1.8 hivi, na mvinyo wake ni miongoni mwa ghali kuliko yote duniani. Kuna kibao kinachoomba wageni wasiingie kati ya mizabibu, kiheshimu. Simama hapo barabarani ugeuke uangalie bonde. Mashamba ya daraja la juu kabisa, yanayoitwa grand cru, yako hapo ulipo, kwenye mteremko ambako maji hayatuami na jua la asubuhi linapiga sawasawa. Chini kidogo yanafuata yanayouzwa kwa jina la kijiji. Ukivuka D974 kwenye tambarare, sehemu kubwa inauzwa kwa jina la Bourgogne tu, yaani Burgundy kwa Kifaransa. Aina ya zabibu ni ileile, Pinot Noir, na mara nyingi mkulima ni yuleyule, mikono ileile. Nilichuchumaa pale nikashika udongo wa ukingoni mwa barabara, umejaa vipande vya chokaa, nikamtumia baba picha. Alijibu kwa neno moja: "Mawe?"

Somo hilo la mteremko ndilo lililotuokolea fedha. Kwa mtengenezaji yeyote mzuri, ulizia chupa yake ya Bourgogne ya kawaida kabla ya zile zenye majina makubwa. Ameitengeneza kwa ujuzi uleule. Au shuka kusini zaidi ya Chagny, ambako unaanza ukanda wa Côte Chalonnaise: Bouzeron, Rully, Mercurey, Givry, Montagny. Majina haya hayana kelele, na ndiko tulikonunua karibu chupa zetu zote. Kama una siku tatu tu za kukaa Burgundy, mimi ningekwambia utumie moja kaskazini ya Beaune na mbili huku.

Wakulima wadogo hawana mapokezi. Unawapigia simu au unawaandikia siku mbili tatu kabla, unasema ninyi ni wangapi na mnatoka wapi, unaomba saa tano asubuhi au saa tisa alasiri. Kati ya saa sita na saa nane mchana usimsumbue mtu, ni muda wa chakula na wanauheshimu. Ukifika, salamu kwanza. "Bonjour Madame" au "Bonjour Monsieur" kabla ya neno lingine lolote. Anayeanza na swali bila kusalimia anaonekana hana adabu, jambo ambalo sisi tunalielewa bila kufundishwa. Wengi hawatozi kuonja, au wanatoza kidogo na kukurudishia ukinunua. Nunua basi, walau chupa mbili. Mtu ameacha kazi yake akakufungulia milango.

Kule Rully tulipokewa na mama wa makamo aliyekuja ameshika mpira wa maji, buti zimelowa. Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba, mavuno yamekwisha, na mvinyo mpya ulikuwa unachacha kwenye mapipa. Alituambia tunyamaze, tusogeze masikio. Pipa lilikuwa linatoa sauti ndogo ndogo, kama sufuria ya maharage iliyoachwa kwenye moto wa mkaa unaofifia. Dada alipomtafsiria kwamba nyumbani kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, aliweka glasi chini. Huko kwao baridi inalaza mzabibu miezi mingi, zao ni moja tu. Akataka kujua tunapogoa lini, nani anaamua, mti unapumzika saa ngapi. Tulikaa humo saa moja na nusu. Hakututoza kuonja. Tulinunua chupa sita za mvinyo wake mweupe.

Kuhusu kuonja na kuendesha, usifanye mchezo. Kiwango cha sheria ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na kwa wenye leseni ya miaka ya mwanzo ni 0.2. Sisi tulikuwa na bahati: shemeji ni Mwislamu, hanywi, na anapenda kuendesha. Kila tulipokwenda kuonja usukani ulikuwa wake. Wakulima kadhaa walimtolea juisi ya zabibu zao, tamu na nzito, na yule mama wa Rully alimpa chupa nzima ya kuondoka nayo. Kama hamna mtu wa namna hiyo, pangianeni zamu, na wa zamu ateme. Ndoo ya kutemea ipo mezani kwa kazi hiyo, hata wataalamu wanaitumia, hakuna anayekushangaa.

Pale simu zisipopokelewa, nenda kwenye ushirika. Buxy kuna ushirika wa wakulima ulioanza 1931, una duka, unaonja bila miadi. Vyama vya ushirika vingi huuza pia mvinyo wa kawaida kwenye boksi lenye bomba, lita 3 au 5. Boksi moja lilitutosha jioni zote.

Malazi tulichukua gîte, yaani nyumba ya kijijini yenye jiko. Usiku tatu Nolay, upande wa milimani nyuma ya Beaune, na tatu karibu na Cluny, euro 80 kwa usiku kwa wanne. Soma vizuri maelezo: shuka, taulo na usafi mara nyingi havimo kwenye bei. Julai na Agosti nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, lakini Oktoba unapata usiku mbili tatu bila shida. Epuka wikendi ya Jumapili ya tatu ya Novemba, Beaune kuna mnada wa mvinyo wa Hospices, hospitali ya kale ya mji huo, na vyumba vinapanda sana.

Jiko ndilo lililopunguza gharama za chakula. Tulibeba iliki, bizari ya pilau na mdalasini kutoka kwa dada, nyama tukanunua kwenye bucha la halali Chalon-sur-Saône, na usiku wa pili nyumba nzima ilinukia pilau. Mchana, tulipotaka kukaa mgahawani, tuliagiza chakula cha siku, plat du jour, kati ya euro 14 na 17, tena kabla ya saa saba na nusu, maana jiko linafungwa saa nane. Omba "une carafe d'eau": maji ya jagi ni bure, na mkate ni bure. Jumamosi soko la Beaune linatosha kwa jibini, matunda na mayai ya siku nzima.

Kitu kimoja lipia: Hôtel-Dieu ya Beaune, hospitali ya maskini iliyoanzishwa 1443 na Nicolas Rolin. Vitanda vya wagonjwa vimepangwa kwenye ukumbi mrefu, na paa la vigae vya rangi halifanani na picha yoyote uliyoiona. Baada ya hapo panda mwamba wa Solutré karibu na Mâcon, mita 493 juu ya usawa wa bahari, hakuna kiingilio, na chini yako kuna mizabibu ya Pouilly-Fuissé. Ukiendelea kusini umeingia Beaujolais. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe, aliiamuru zabibu ya gamay ing'olewe mashambani mwake, na huku ndiko ilikostawi. Mvinyo wa vijiji vya huku, Fleurie na Morgon, utapata kwa sehemu ndogo ya bei ya vijiji vya Beaune, na mimi mwenyewe nazipenda zaidi.

Chupa za kubeba, zifunge kwenye nguo katikati ya begi la kuingia chini ya ndege. Mvinyo hauvuki asilimia 24 ya kilevi, hivyo ndege haina neno. Tanzania msafiri mtu mzima anaruhusiwa lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Nilizizungushia kitenge, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, zikafika salama. Morgon tuliinywa wiki ileile. Rully ya yule mama iko Mpunguzi kwenye kabati la baba, hajaifungua bado. Anasema anasubiri tumalize mavuno ya Agosti.